Kondoo wa Nadhiri

Kila mwaka mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, mama yangu hununua kondoo dume, na kila mwaka mimi humchukia kondoo huyo kabla hata hajafika nyumbani. Mnyama mwenyewe hana kosa. Anafungwa kwenye nguzo ya jiko letu huko Kimaka, Jinja, anakula maganda ya ndizi, na majirani wakipita wanamtazama yeye, wananitazama mimi, kisha wanatikisa vichwa kwa furaha kana kwamba sisi wawili tumeshirikiana jambo zuri. Kesho yake anachinjwa kwa ajili yangu. Navishwa gurbaba mpya, kile kitambaa wanachojifunga wanawake wetu wa Kinubi, naketishwa mkekani karibu na mama, na shughuli ya kushukuru inaanza.

Nieleze shukrani hiyo ni ya nini, maana nyumbani kwetu haielezwi.

Sisi ni Wanubi. Wazee wetu walikuja Uganda na bunduki begani, na hadi leo ukizungumza Kiswahili kwa raha mjini Jinja, kuna watu watageuka kuona kama kuna askari nyuma yao. Kwetu ni lugha ya jikoni tu. Ni kwa lugha hiyo mama aliniambia, nilipokuwa na miaka saba, "Fungua mdomo, nione hiyo jino." Shavu langu la kushoto lilikuwa limevimba. Kliniki ya mtaani wakang'oa jino, uvimbe ukabaki. Wakang'oa la pili. Baadaye meno mengine yakaanza kulegea yenyewe na jicho likaanza kusukumwa juu, ndipo mama akanibeba akapanda nami basi hadi hospitali kubwa ya jiji kuu. Huko wakatuambia ni saratani.

Sitasimulia yote ya wadi. Dripu, sindano za uti wa mgongo, nywele kubaki kwenye mto. Uvimbe ulinywea tukarudi nyumbani, kisha ukarudi, nasi tukarudi wadini. Mara ya pili walileta dawa nyekundu. Nilitapika hata maji matupu. Siku moja sikuweza kufumbua macho, na mama akatoka hadi koridoni, akaelekea kibla katikati ya ndoo na mifagio ya wafagiaji, akaweka nadhiri. Mungu akimwachia mtoto huyu, atachinja kondoo kila mwaka hadi afe. Na jina la ugonjwa ule halitatoka tena mdomoni mwake, wala halitatajwa ndani ya nyumba yake.

Mungu alitimiza upande wake. Mama naye akatimiza wake kwa bidii iliyopitiliza. Tuliporudi Kimaka alichukua kila karatasi tuliyopewa, kadi, vipimo, majina ya dawa, akavitia kwenye sigiri na kuchemshia chai juu yake. Madaktari walikuwa wamesema nirudishwe kila mwaka kuangaliwa. Sikurudishwa hata mara moja. Kwa mama, mtu aliyepewa zawadi halafu anakwenda kuipima kama ni ya kweli, anamtukana aliyempa. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza mbona hatuendi. Akanitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya sufuria.

"Kwenda kufanya nini?" akasema. "Wewe si ulipona?"

Nimelisikia swali hilo maisha yangu yote, na kila anayeliuliza huwa hataki jibu. Nilirudi shule nikakuta wenzangu wamekwenda mbele, nikawekwa na watoto wadogo, na hesabu hazikuwa zinakaa kichwani. Walimu walisema ni uvivu. Taya lilikua upande mmoja, upande wa pili likasita, na wavulana wakaniita nusu mkate. Nilikuwa nashtuka nikiona mtu yeyote mwenye koti jeupe, hata muuza nyama. Nikija nyumbani na uso umekunjamana, mama alikuwa na dawa moja tu: "Wewe ndiyo unanuna? Wewe? Wenzako wako kaburini."

Nilijua wako wapi. Nililala nao kitanda kimoja. Mtoto mwingine akinuna alikuwa amenuna tu, mimi nikinuna nilikuwa nimemkosea Mungu. Sikuruhusiwa kuwa na homa, wala kushindwa mtihani, wala kuchukia mboga. Kila nilipotaka kuwa mtu wa kawaida mwenye siku mbaya, yule kondoo aliletwa mbele yangu.

Na mkekani nilikuwa na mahali pangu maalumu. Mama aliniketisha daima mwisho wa mkeka, shavu la kushoto likielekea ukutani. Katika kila picha ya ukoo wetu, harusi, idi, maulidi, mimi niko pembeni kabisa, nimegeuza uso kidogo, kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine nje ya picha. Nyumbani walitaka wageni wamshukuru Mungu kwa ajili yangu bila kuona alichoniponya. Mama akiwasimulia, aliuita "ule mtihani". "Mwanangu alipopata ule mtihani." Wageni wakajifuta machozi, wakala pilau, na wengi wao waliamini nilianguka kwenye baiskeli.

Kuna msichana mmoja tu niliyeweza kuzungumza naye, na naye sikumwona tena tangu wadini. Alikuwa wa umri wangu, uvimbe wake upande wa kulia, na kwa kuwa vitanda havikutosha tulilazwa pamoja, kichwa chake miguuni pangu. Tulipewa dawa nyekundu siku ileile, tukitapika kwa zamu katika beseni moja. Tulikubaliana kuwa tukikua tutafungua duka la nywele za bandia, kwa sababu tunajua watu wanavyozihitaji. Tuliruhusiwa kurudi makwetu wiki ileile. Kitu pekee nilichobaki nacho ni maneno yake kwamba kwao ni Busiu, na baba yake ana mashine ya kusaga mahindi pale senta, kando ya barabara.

Miaka ikapita, nikaolewa Mbale. Mume wangu ni mwalimu, Mwislamu wa kule, mpole, tunaishi Nkoma katika nyumba ya kupanga yenye mmea mmoja wa maua unaotambaa ukutani, bustani yote iko hapo. Mama alinikataza kuwaambia wakwe. Mume nilimwambia mwenyewe, wiki ya kwanza. Alinisikiliza kwa makini, akanishika mkono, akasema, "Lakini si ulipona?" Hakuuliza tena. Sikumlaumu sana. Nilitoka uani nikafua nguo ambazo tayari zilikuwa safi.

Kutoka Mbale kwenda Busiu si mbali, ni taksi moja tu ya barabara ya Tororo. Nilipopata mimba yangu ya kwanza nilijisikia kumtafuta yule rafiki. Nilitaka kumwona mtu mmoja duniani ambaye nisingehitaji kumweleza chochote. Nikashuka pale senta, nikauliza mashine ya kusaga, nikaonyeshwa.

Mama yake alikuwa mlangoni, unga hadi kwenye kope. Sikujitambulisha. Alinitazama shavu, lile lile ninalofichiwa, akaweka debe chini.

"Wewe ni yule ya Jinja," akasema. "Yule nalala na mtoto yangu."

Akanikalisha juu ya gunia, akaniletea chai, akaanza kunisimulia kwa utaratibu, na mimi nilikuwa bado natabasamu. Binti yake alikua vizuri. Alisoma kidogo, akaolewa hukohuko, akashika mimba.

"Hapo ndiyo akaanza kuchoka. Kupanda hiki kirima hapa nyuma, nakaa chini. Kurara, hawezi kurara chari, nahema tu. Miguu imevimba. Mutoto akazaliwa muzima. Yeye, siku chache tu, akaenda."

Nikamuuliza madaktari walisema nini.

"Moyo. Watu wakasema ni muke mwenza amefanya."

"Mama, mliwaambia kwamba aliugua zamani? Mliwaambia ile dawa nyekundu?"

Alinishangaa, tena bila ubaya wowote.

"Ya nini?" akasema. "Si alipona?"

Nilikunywa ile chai. Akaniletea mjukuu nimwone, mtoto mwenye uso mzima pande zote mbili, na nikamwahidi nitarudi. Nilipanda taksi nikakaa dirishani na kuhema, na nikagundua kwamba nimekuwa nikihema hivyo kwa majuma kadhaa. Nilikuwa nikifagia uwanja wa nyumba nikiegemea ufagio. Boda boda zilinishusha mlangoni kwa sababu hatua za kutoka barabarani zilinishinda. Wakwe walisema ni mimba ya kwanza, huwa hivyo. Mimi nami nilitaka sana iwe hivyo.

Desturi yetu ni kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Basi mama akaja Mbale kunichukua, na vikapu vyake, na udi wake, na amri zake, tukarudi Jinja. Siku ya kliniki akavaa kana kwamba anakwenda harusini. Tukakaa kwenye benchi, tukaitwa, tukaingia wote wawili, maana hakukuwa na mtu wa kumzuia.

Mkunga alikuwa mtu mzima, ameshika kalamu, haraka lakini si mkali. Akaniuliza la kwanza, la pili, halafu akauliza kwa adabu ya Kiganda, "Nyabo, umewahi kuugua ugonjwa mkubwa? Umewahi kulazwa?"

"Hapana, musawo," mama akajibu. "Huyu mtoto yangu mzima kabisa. Hata malaria ni kidogo."

Alijibu vizuri sana. Hakupepesa macho. Na mkunga akaanza kuandika.

Sikuwahi kujua kwamba hasira inaweza kutoka kwenye nyayo. Niliisikia ikipanda. Nikasema, kwa sauti iliyosikika na benchi lote la nje, "Niliugua saratani. Nikiwa mdogo. Hapa shavuni. Nikapewa dawa nyekundu, na mwenzangu aliyepewa dawa ileile amekufa kwa moyo akiwa amezaa, na mimi sasa siwezi kulala chali."

Mama akanishika paja kwa nguvu. "Nyamaza."

"Sinyamazi."

Mkunga aliweka kalamu chini akatoka, akarudi na daktari, mwanamke kijana aliyevuta kiti akakaa mbele yangu badala ya kusimama. Akasikiliza kifua changu muda mrefu. Akabonyeza miguu yangu, vidole vyake vikaacha mashimo. Kisha akaniuliza ni dawa gani hasa nilipewa, na kwa wingi gani.

"Nilikuwa mtoto," nikasema. "Najua rangi tu."

"Una karatasi zozote?"

"Zilipikiwa chai."

Daktari akamgeukia mama. Mimi nikamgeukia mama. Mkunga naye. Katika dunia yote hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu swali hilo. Maisha yangu na ya mtoto wangu yalikuwa yamekaa mdomoni mwa mwanamke mmoja mwenye vikuku vya dhahabu, na mwanamke huyo alikuwa amekaza midomo.

"Mimi niliweka nadhiri," akasema mwishowe. "Kwa Mungu. Mimi siwezi."

"Basi nife na nadhiri yako?" nikamwambia. Sikuwahi kumsemesha mama yangu hivyo, na sijutii. "Nife kama yule wa Busiu? Halafu Shaabani utamchinja kondoo kwa ajili ya nani?"

Nilimwona akishtuka. Hakuwa na habari.

"Yule nani?" akauliza. "Yule mulilala na yeye?"

"Huyohuyo."

Mama akaacha paja langu. Alitazama sakafu ya ile kliniki, kisha akaanza kusema. Ule ugonjwa wenyewe hakuutaja, hata hapo, aliuita mtihani. Lakini dawa alizitaja zote, kwa majina, majina marefu ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani, moja baada ya nyingine kwa mpangilio waliotupa. Ile nyekundu waliiweka mkono gani, chupa ilikuwa na ukubwa gani, nilipewa mara ngapi, ni lini walisimama kwa sababu damu ilikuwa imepungua. Ni wiki ipi nilianza kuweweseka na kuita majina ya watu. Daktari aliandika, akamwomba arudie, akarudia bila kukosea. Mama yangu hajui kusoma herufi yoyote isiyo ya Kiarabu.

Mtu mwingine angelia hapo kwa huruma, akaandika kwamba alielewa mapenzi ya mama. Mimi nilikasirika zaidi. Kumbe alikuwa nayo yote. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiuliza kwa nini nachoka, kwa nini kichwa hakishiki, kwa nini naota beseni, naye alikuwa nayo kichwani imepangwa kama vyombo kabatini, na akanipa kondoo. Ulikuwa mwili wangu. Ilikuwa habari yangu.

Walinipima moyo kwa mashine ya picha. Daktari akanieleza taratibu kwamba dawa ile iliniokoa, na kwamba inaweza pia kuudhoofisha moyo, hata baada ya miaka mingi, na mimba huuongezea mzigo. Ndiyo maana walitaka nirudishwe kila mwaka. Akasema nimekuja kwa wakati. Nikapewa vidonge, nikalazwa, na ikapangwa kwamba nitazalia hospitali kubwa chini ya macho ya watu wa moyo. Mume wangu alikuja kutoka Mbale na kila gazeti alilopata njiani, akakaa kando ya kitanda, na safari hii hakuniuliza kama si nilipona. Aliuliza vidonge vinanywewa saa ngapi.

Binti yangu alizaliwa mzima. Mimi nami nilitoka hospitali hai. Bado namtumia daktari yule salamu, na bado nanywa vidonge, nadhani nitavinywa hadi uzeeni kama nitaruhusiwa uzee.

Mama alikwenda kwa ustadhi kuuliza kuhusu nadhiri aliyoivunja. Ustadhi akamwambia alishe maskini kumi, na akamwambia pia kwamba Mungu hakuwahi kumwomba anyamaze. Maskini aliwalisha. La pili hakulipenda, na hakurudi kwa ustadhi huyo kwa muda. Kwangu alikuja kila siku na uji, hatukuzungumza mengi. Kila mmoja alikuwa na hasira yake na aliilea vizuri.

Kisha Shaabani ikafika. Nilikuwa bado kwa mama, mtoto akiwa ameanza kushika shingo. Asubuhi nikasikia sauti kwenye nguzo ya jiko, nikachungulia. Kondoo walikuwa wawili.

Mchana wanawake wakajaa uani. Mama akatoka chumbani na kitambaa mkononi, gurbaba ndogo, ya manjano, ameishona mwenyewe. Akamchukua binti yangu mikononi mwangu kabla sijasema lolote, akamfunga, akamlaza mkekani kwenye mahali pangu, mwisho kabisa, karibu na ukuta. Jirani mmoja mzee, haboba tunayemwita bibi wa mtaa mzima, akapiga kigelegele.

"Na huyu pia Mungu amemrudisha!" akasema. "Mwambieni aseme alhamdulillahi!"

Wakacheka, wakamwinamia. Binti yangu aliwatazama na kunyonya ngumi yake. Nikamwona akiwa na miaka saba amenuna, na mtu anamwambia: wewe? Nikaona mkeka wote wa maisha yake.

Nikainuka. Nikamwokota mtoto, nikafungua ile gurbaba ya manjano, nikaiweka mapajani mwa mama.

"Huyu hakurudishwa," nikasema. "Huyu amezaliwa tu, kama watoto wote. Atalia akitaka, atanuna akitaka. Hachinjiwi kondoo wa shukrani."

Nikahama. Nikaketi katikati ya mkeka, shavu la kushoto likiwaelekea wageni wote, mtoto begani. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Sahani za pilau zilikuwa zimekwisha kupakuliwa na zilikuwa zinapoa.

Yule haboba alimgeukia mama, kwa kuchanganyikiwa kweli, akauliza, "Sasa, mama, miaka hii yote sisi tunakula hapa kushukuru nini?"

Mama alikuwa anaikunja ile gurbaba, mara mbili, mara nne, hadi ikawa ndogo kama leso. Hakunitazama mimi. Alimtazama yule mzee, na uso wake ulikuwa umekasirika kabisa, hasira ileile ninayoiona kwenye kioo.

"Saratani," akasema. "Mtoto yangu aliugua saratani. Kuleni."